UZI: Kazi ya moto wa misitu serikalini, huku milima ya Usambara. Wanaotaka kuomba ajira na wenye mashamba jirani na misitu karibuni

Mlinzi wa Magharibi
Wakuu salama? Kila nafasi za uhifadhi zikitangazwa naletewa maswali PM mpaka nachoka kujibu mmoja mmoja, nikaona bora nifungue uzi mmoja nimalize. Mimi ni ofisa misitu, kitengo changu ni ulinzi na moto, niko taasisi ya serikali (msiniulize ipi wala kituo gani, bado nahitaji mshahara) na nipo mkoa wa Tanga upande wa Lushoto.

Kwanza tuondoe picha za kwenye tv. Huku hakuna ndege ya kumwaga maji. Kuna kruza moja ambayo tairi zake mnazijua wenyewe, boza la maji ambalo njia nyingi za mlimani haliwezi kupita, pampu za kubeba mgongoni, mapanga, majembe, reki, na matawi mabichi ya kupigia moto. Ukiniuliza silaha kubwa ni ipi nitakwambia ni simu yenye namba za wenyeviti wa vijiji wote wanaopakana na msitu, na wawe wanapokea ukiwapigia.

Pili, watu wanachanganya mamlaka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Mambo ya Ndani, hao ndo wa 114, kazi yao kubwa ni majengo na ajali. Misitu ya serikali kuu na mashamba ya miti yako chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, ambayo ipo chini ya Maliasili na Utalii. Hifadhi za taifa kama Saadani ni TANAPA. Msitu wa halmashauri una ofisa misitu wa halmashauri na msitu wa kijiji una kijiji chenyewe na kamati yake ya maliasili. Sasa moto hausomi ramani, unaanza kwa huyu unaishia kwa yule, na hapo ndo utaona watu wanapigiana simu "huo ni wenu" huku mlima unawaka.

Nitaendelea, kuna kikao.

binti_pangani
Nimeweka kambi 🔥 hapa hapa

Mzee wa Lukozi
Ofisa endelea, ila ukimaliza na mimi nina maswali yangu kama mkulima. Msije mkajisifu tu.

Mlinzi wa Magharibi
Mzee Lukozi shikamoo, maswali yako nayasubiri nadhani nayajua.

Tuendelee. Watu wanauliza moto usipowaka mnafanya nini, mnakula posho tu? Ivi ndo ilivyo: kazi yetu nyingi inafanyika wakati hakuna moto. Masika yakiisha, kuanzia kwenye Mei Juni, nyasi zimepanda mpaka kifuani, ndo msimu wa kusafisha barabara za moto. Zile njia mnazoziona zimezunguka mashamba ya misindano na saiprasi mkadhani ni za kupitisha magogo, kazi yake ya kwanza ni kinga. Zinafyekwa halafu zinalimwa mpaka udongo wenyewe uonekane, kwa sababu ukifyeka ukaacha majani makavu palepale chini umemtandikia moto mkeka. Kuna sehemu trekta linapita, ila miteremko ya huku mingi ni jembe na vibarua, mama na vijana wa vijijini, na hapo ofisa unatakiwa utembee kipande chote kwa miguu uone mwenyewe. Wapo wasimamizi wanaokagua barabara kwa kuangalia kwa dirisha la gari, na kiangazi kikija wanajulikana.

Halafu kuna kupogolea. Msindano mdogo ukiachwa na matawi yake ya chini makavu, moto wa nyasi ambao ungepita chini chini unapata ngazi, unapanda juu kwenye majani, na ukishafika juu hakuna wa kuuzima kwa tawi wala kwa pampu ya mgongoni. Ukikatia matawi ya chini kwa wakati moto unapita shinani unababua gamba unaondoka. Mitiki ya Longuza kule Muheza ina tabia nyingine, yenyewe inapukutisha majani kiangazi, yale majani mapana unayaona yamejaa chini yanalia kachakacha ukikanyaga, mti mkubwa wenyewe unavumilia ila miche michanga inakwenda.

Na msimu wenyewe unategemea uko wapi. Huku kwetu roho inakuwa juu kuanzia Agosti mpaka vuli ianze, halafu tena Januari Februari upepo wa kaskazi ukikausha. Handeni na Kilindi kule ni nyika na miombo (misitu ya wazi ya nchi kavu), moto unapita karibu kila mwaka na miti ya kule imezoea, hauwezi kuulinganisha na msitu wa mlimani kama Magamba au Amani ambao ukiungua haurudi kirahisi. Watu wa Tanga mjini wanaosema misitu haiwahusu, maji yenu ya bombani yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi inaanzia kwenye milima hiyo ya Amani. Basi.

Kopo la Dizeli
Mkuu hongera kwa uzi ila tuseme ukweli, barabara za moto ndo mradi wa watu. Bajeti inatoka kilomita kumi, zinalimwa nne, vibarua wanalipwa mwezi wa pili yake. Nimeshika jembe huko nakijua ninachosema.

Mlinzi wa Magharibi
Kopo sikupingi kwamba kuna sehemu zinafanyika hivyo. Kibarua kucheleweshewa hela yake ndo ujinga mkubwa kuliko yote kwenye kazi hii na nimeusema kwenye vikao mpaka nikaambiwa nakaa kilalamishi. Yule unayemdai siku zake leo ndo utamwita usiku aje akusaidie moto. Atakuja? Mimi nisingekuja.

shemeji_wa_Soni
Mkuu tupe tukio lenyewe, tumesoma barabara vya kutosha 😂

Mlinzi wa Magharibi
Haya. Nawaelezea moto mmoja wa upande wa nyika, ule ukingo unaotazama Mkomazi, mtu akisimama juu anaona tambarare yote chini. Moto ulianzia huko chini, nani kauwasha hatukujua mpaka leo, inaweza kuwa mrina asali, inaweza kuwa mfugaji anataka majani mapya, inaweza kuwa tanuri la mkaa. Mchana ukaanza kupanda.

Hapa nieleze kitu kwa wasiojua, moto kupanda mlima ni mnyama mwingine kabisa. Ndimi zinalala kuelekea juu zinakausha majani ya mbele kabla hazijayafikia, na kanuni tunayofundishwa ni kwamba kila mwinuko ukiongezeka nyuzi kumi hivi mwendo wa moto unakaribia kuongezeka mara mbili. Juu ya hapo mchana upepo wa milimani unapanda, usiku unashuka. Kwaiyo kijana anayekimbilia kusimama juu ya moto mchana kwenye mteremko eti akaupige na tawi, huyo mnamtafutia sanda. Sheria yetu ya kwanza ukifika: nani anaangalia moto akiwa sehemu anayouona wote, tunawasiliana vipi, tunatokea wapi na tukizidiwa tunakimbilia wapi. Hayo manne hayajajibiwa, hakuna kushuka kwenye gari na panga.

Msikitini wakatangaza kwenye kipaza sauti. La mgambo likilia kuna jambo, watu wakaanza kuja, wengine na boda wawili watatu, wengine na gambuti, wengine na kandambili, kuna kijana alikuja na jezi ya nailoni nikamrudisha akabadilishe, maana nailoni ikipata cheche inayeyuka inashikana na ngozi, shati la pamba kuukuu ni bora mara mia. Vijana wanataka kushuka. Kulikuwa na mzee mmoja, kafanya kazi za shamba la miti tangu ujana wake, akasema mwacheni aje, jua likizama atachoka. Na mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo hivyo ila akisema yeye wanasikia kuliko nikisema mimi mwenye nyota begani.

Tukarudi kwenye barabara ya moto ya juu, ambayo bahati ilikuwa imelimwa kweli. Tukapanga watu nyuma yake, kila baada ya hatua kadhaa mtu mmoja na tawi, kazi yao kuangalia cheche zinazoruka, macho yatazame kwenye msitu ambao haujaungua, maana kila mtu anapenda kuangalia moto wenyewe halafu cheche inawaka nyuma ya mgongo wake. Magharibi ikapita, upepo ukatulia halafu ukaanza kutugeukia unashuka, ubaridi ule mnaoujua wa huku. Hapo ndo tukawasha. Ndio, tuliwasha sisi wenyewe, mwenge wa nyasi kavu, mtu mmoja anatembea ukingoni mwa barabara anagusa nyasi upande wa chini anaacha, anagusa anaacha, na moto wetu mdogo ukaanza kushuka taratibu kuufuata ule mkubwa. Ukiwa hujawahi kuona utadhani tumechanganyikiwa. Ilipokutana sauti ilibadilika, ule mvumo kama lori linapanda Soni ukapanda mara moja halafu ukakatika, hakukuwa na kitu kimebaki cha kula katikati.

Watu wakashangilia wakapewa soda na mikate wakaondoka. Na kazi mbaya ndo ikaanza, ile isiyo na picha. Kukesha na visiki. Kisiki cha msindano kinaungua ndani kwa ndani, kinafuata mizizi chini ya udongo, juu unaona jivu limepoa kabisa. Unachofanya unapiga magoti, unavua glovu, unapitisha mgongo wa kiganja juu ya jivu bila kugusa, ukihisi joto unachimba, unakuta mzizi mwekundu kama kaa la jiko, unaukata, unauchanganya na udongo mbichi na maji kama yapo, unapitisha tena mkono. Kisiki kwa kisiki. Moto mkubwa ulizimwa usiku mmoja, visiki vilitushughulisha siku kadhaa na kimoja kilifuka tena upya upepo ulipokuja mchana. Ofisa anayesema moto umeisha kwa sababu haoni ndimi, mbadilisheni kituo.

binti_pangani
Aisee nimesoma huku nashika mkono wangu. Wanawake mpo kwenye hii kazi? Na huu mwenge wenu mkiwasha ukiwageukia?

Mlinzi wa Magharibi
Binti wapo tena wakali, na wanatembea hivyo visiki vizuri kuliko wengi wetu wenye haraka. Kuhusu kugeukia, ndo maana unasubiri upepo na huwashi kama barabara nyuma yako haijasafishwa. Na mwananchi wa kawaida asijaribu kabisa, tafadhali, hii sio ya kujifunzia kwenye uzi.

GIS_Tanga
Mi nachangia upande wa satelaiti maana OP kasahau. Kuna mfumo wa NASA unaitwa FIRMS, bure kabisa, unaingia mtandaoni unaona alama za joto dunia nzima, taarifa inakuja ndani ya masaa matatu tangu satelaiti ipite. Vifaa vya satelaiti vinavyosoma joto ni viwili, MODIS kijiboksi chake kimoja kwenye ramani ni kilomita moja, VIIRS ni mita 375. Unaweza kujisajili ukatumiwa imeili eneo lako likiwaka.

Mlinzi wa Magharibi
GIS asante, tunautumia sana kiangazi. Ila uusome kwa akili, satelaiti inapita mara chache kwa siku, mawingu yakikaa juu ya Usambara haioni kitu, moto mdogo chini ya miti mikubwa unaikwepa, na kuna siku nimetembea mpaka kwenye alama nikakuta ni jalala linaungua. Mama anayechuma kuni akiona moshi ananipigia mapema kuliko NASA.

Kopo la Dizeli
Mnasema helikopta haina maana, mbona Kilimanjaro 2020 watu walilia kuhusu ndege?

Mlinzi wa Magharibi
Sijasema haina maana, nimesema hatuna. Ule moto wa Oktoba 2020 ulianzia maeneo ya Whona njia ya Marangu, ukakaa zaidi ya wiki, ukala kama kilomita za mraba 95, na waliopanda kuuzima ni mamia ya watu wakiwemo askari, wanavyuo na wananchi, kwa mikono, kwenye baridi na hewa nyepesi. Ndege ingesaidia kule. Lakini nchi hii ina misitu hekta milioni 48.1 kwa ile tathmini ya misitu ya nchi nzima inayoitwa NAFORMA, hiyo ndege utaipaki wapi? Hela hiyo mimi ningeweka kwenye barabara za moto na kulipa vibarua kwa wakati.

Mzee wa Lukozi
Sasa zamu yangu. Ofisa, nyie mkichoma mnaita kinga, sisi tukichoma mabua mnaita kosa. Kijana wa jirani yangu alipigwa faini kwa moto wa takataka za shamba. Na hivyo vibali vyenu mkulima avipate wapi, aache kulima aje kukaa kwenye benchi la ofisi?

Mlinzi wa Magharibi
Nilijua utakuja na hilo mzee wangu. Faini ya kijana siijui undani wake siwezi kuisemea. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kabla ya kuwasha mimea nje ya eneo la nyumba yako, hiyo ipo na sikufichi. Lakini nakubaliana na wewe kwenye jambo moja: mahali ambapo kibali ni safari ya siku nzima, watu watachoma usiku kwa kujificha, na moto wa kujificha ndo mbaya kuliko wote kwa sababu mwenyewe anaukimbia ukimshinda badala ya kupiga kelele aje kusaidiwa. Mimi maeneo yangu napenda ofisa aende kwenye kijiji siku ya mkutano, watu wajiandikishe, wapangiane siku, leo mtaa huu kesho ule, na majirani wawepo. Kuna wenzangu wanaona huko ni kulea uvunjaji wa sheria. Wao wana madaftari ya faini, mimi nina namba za simu.

Na angalia kitu kingine. Kwenye mashamba ya miti tunagawa vile vipande vilivyovunwa au vilivyopandwa miche michanga, mwananchi analima viazi, maharage, kabichi katikati ya miti mpaka miti ifunge kivuli. Kwenye vipande hivyo moto ukitokea sihitaji kumpigia mtu, wenyewe wanafika kabla yangu kwa sababu viazi vyao vimo humo. Vijiji ambavyo vimenyimwa vipande miaka yote, au vilipewa vikanyang'anywa wakapewa watu wenye gari, huko utapiga kipaza sauti mpaka betri iishe. Sina haja ya utafiti kwa hili, nalala humo.

Mzee wa Lukozi
Hapo umesema. Watu wenye gari kweli wapo. Sasa nina mabua na majani ya kabichi yameoza yamekauka, kipande kimegusana na msitu. Nifanyeje?

shemeji_wa_Soni
Mzee si ulishe ng'ombe tu 😂

Mlinzi wa Magharibi
Shemeji hajakosea, kinacholika kilishe na kingine fanya mboji, udongo wa huku unashukuru. Kile lazima kuchoma, nitakujibu chini hapo baada ya huyu wa ajira maana kanitumia mara tatu.

kijana_mtafutaji
Samahani mkuu ni mimi. Nina diploma ya chuo cha misitu Olmotonyi kule Arusha, nafasi zinapatikanaje na mafunzo yakoje? Kuna mtu ananiambia nitoe hela kidogo anipitishe.

Mlinzi wa Magharibi
Huyo wa hela mblock. Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye Ajira Portal, unaitwa usaili wa kuandika na wa kuongea. Olmotonyi cheti na diploma ni njia nzuri, digrii ni SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Ujue kwamba TANAPA, Ngorongoro, TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na TFS sasa zipo kwenye mfumo wa jeshi usu, kwaiyo ukipata kazi kuna mafunzo ya kijeshi, gwaride, silaha, kukimbia, usije na kitambi chako cha chuo ukashangaa.

Kitengo cha moto wengi hawakipendi kwa sababu hakuna safari za mjini. Kwenye usaili watakuuliza pembetatu ya moto, utajibu joto, hewa na kitu cha kuungua, sawa. Ila ukitaka kuwa mzuri jifunze kuongea kwenye mkutano wa kijiji bila kusoma karatasi, jifunze Kisambaa cha salamu angalau kama unakuja huku, na ujue kukaa kimya mzee akikutukana mbele ya watu maana mara nyingi ana hoja. Posho za usiku zinakuja, zikichelewa usishangae, usikope kwa kuzitegemea.

Mzee Lukozi narudi kwako. Nenda kwa mtendaji wa kijiji mwambie unataka kuchoma na siku gani, na ofisa wa msitu wa hapo apate taarifa, akiandika kibali kitunze. Waambie majirani wa pande zote, hata yule mliogombana mpaka. Zunguka kipande chako ulime ukanda mpaka udongo, upande wa msitu uwe mpana kuliko pande nyingine. Kusanya mabua katikati marundo madogo madogo, usifanye rundo moja kubwa la kujionyesha. Siku ya upepo ahirisha hata kama umeshanunua soda za watu. Anza jioni jua likipoa, washa rundo moja, likiisha ndo unawasha la pili, uwe na watu wawili watatu na maji na matawi. Na usiende kulala, asubuhi pitisha mkono kwenye majivu kama nilivyoeleza kule juu.

Mzee wa Lukozi
Mtendaji wetu hapatikani isipokuwa Alhamisi siku ya gulio. Basi Alhamisi namfuata huko huko kwenye viazi.

Mlinzi wa Magharibi
Mfuate mzee. Na akikwambia uje kesho, nipigie, namba yangu ipo kwa mwenyekiti wenu.